Ukienda kununua kipochi cha chaja, nenda na chaja yenyewe

Mnaotafuta kipochi cha kubebea chaja, waya na pawabenki, msikadirie kwa macho. Ukienda eneo la maduka la Makoroboi au duka lolote hapa Mwanza, beba vitu vyako vyote. Tanguliza kichwa cha chaja, ifuate pawabenki, waya mwisho, kisha vuta zipu kwa mkono mmoja. Ikigoma kwenye kona, kirudishe mezani, hata kama muuzaji anasema kitalegea.

Kinachoamua ni unene, si urefu. Chaja zetu zina pini tatu nene zisizokunjika, wakati vipochi vingi vya kutoka nje hupigwa picha na chaja ya pini mbili bapa zinazolala. Ndiyo maana kwenye picha kila kitu kinaenea! Pini zielekeze nje, upande wa kona. Zikitazama ndani zinakwaruza pawabenki na kutoboa mfuko wa neti.

Njia hii haisaidii kwa chaja ya kompyuta mpakato yenye lile boksi zito kama tofali katikati ya waya. Hiyo itafutie mfuko wake. Wala haikuambii lolote kuhusu maji. Kitambaa kinaweza kuzuia maji ila zipu ikayapitisha, kwa hiyo ukivuka ziwa kwa mtumbwi, weka kipochi ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana. Kwa ndege, pawabenki hukaa kwenye mzigo wa mkononi, na kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati inayohifadhiwa). Pawabenki ya mAh 20,000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba) ina takriban Wh 74.