Uko Tayari Kuuza Mtandaoni? Jipime kwa Nguo 10

Kabla ya kufungua ukurasa Instagram, chukua magauni 10 tu ya mtumba, uyauze kwenye status ya WhatsApp kwa wiki 2. Hesabu wanunuzi wasio ndugu zako; shangazi akinunua, hiyo ni huruma.

Andika gharama ya kila gauni: kununua sh 12,000, kufua na kupiga pasi 1,000, mfuko 500, bando 500. Jumla 14,000. Ukiuza 20,000 unabaki na 6,000. Mteja akikataa mzigo mlangoni, bodaboda bado anadai 4,000 ya kwenda na kurudi, na theluthi mbili ya faida ya gauni jingine imeliwa. Kwa hiyo nauli ilipwe kabla mzigo haujatoka. Wengi huona aibu kuidai, na hapo ndipo mtaji unapoyeyukia.

Pima kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, andika chini ya picha. Saizi M ya mtumba haiaminiki. Picha ipigwe karibu na dirisha, bila filta, la sivyo rangi italeta ugomvi.

Hela ya mauzo ikikaa laini moja na ya chakula, bado hujawa tayari. Yakibaki magauni 7, badili bei au bidhaa, usinunue robota (furushi zima la mtumba).