Kuhama kutoka Windows kwenda Linux bila kupoteza faili wala kazi

Tangu msaada wa Windows 10 ulipofikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, wamiliki wengi wa kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11, hasa sharti la TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), wamebaki na mashine nzima ambayo mfumo wake umeachwa. Linux Mint au Ubuntu, matoleo mawili ya mfumo endeshi wa Linux, inaweza kuiweka mashine hiyo kazini kwa miaka mingine. Kusakinisha si kazi ngumu. Jambo linalotaka utulivu ni kubaini, kabla hujafuta chochote, ni programu gani na faili gani zitakazokubali mfumo mpya.

Anza na programu. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, ile unayoisakinisha kwa faili ya .exe, haiendeshwi na Linux moja kwa moja. Orodhesha zote unazozitumia kweli, kisha tafuta kama kila moja ina toleo lake la Linux. Firefox, Chrome, VLC, Thunderbird na LibreOffice zinalo. Photoshop na Microsoft Office ya kusakinisha hazina, ingawa Word na Excel za mtandaoni hufunguka katika kivinjari. Ipo pia programu ya Wine, iliyoanza mwaka 1993, ambayo huwezesha baadhi ya programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, lakini mimi singeikabidhi hesabu za duka. Kama unategemea programu ya hesabu kama Tally au QuickBooks ya kusakinisha, ni salama zaidi kuiacha ndani ya Windows, iwe kwenye kompyuta nyingine au kwenye mashine pepe ya VirtualBox (programu inayoendesha Windows kama kompyuta ndani ya kompyuta), ikiwa kompyuta yako ina kumbukumbu (RAM) ya kutosha.

Upande wa nyaraka, njia bora ya kupima ni kusakinisha LibreOffice ukiwa bado ndani ya Windows, kwa sababu inapatikana kwa mifumo yote miwili. Usiipime kwa barua ya ukurasa mmoja. Fungua tasnifu yenye tanbihi na yaliyomo yanayojitengeneza, jedwali lenye seli zilizounganishwa, na lahajedwali lenye fomula nyingi. Lahajedwali lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) liangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa LibreOffice huelewa sehemu tu ya makro za Excel. Wakenya wanaojaza marejesho ya kodi kwa lahajedwali za iTax wanajua jinsi fomu hizo zinavyotegemea makro; usisubiri siku za mwisho za Juni, muda wa marejesho unapokaribia kwisha, ndipo ujaribu.

Mara nyingi waraka unaovurugika hauna kasoro yoyote ndani yake, ila fonti yake haipo kwenye mfumo mpya, hivyo mistari hurefuka na kurasa husogea. Carlito ina vipimo vya herufi sawa na Calibri, Caladea sawa na Cambria, na Liberation Serif sawa na Times New Roman. Hakikisha zimesakinishwa, na mpangilio wa kurasa utabaki karibu kama ulivyokuwa. Waraka utakaoendelea kuhaririwa na wenzako wenye Word uhifadhi kama .docx, na uliokamilika utume kama PDF.

Nakala ya faili zako iweke kwenye diski ya nje yenye muundo wa exFAT, unaosomwa na kuandikwa na Windows, Linux na macOS, kwa kuwa muundo wa zamani wa FAT32 haupokei faili inayofikia gigabaiti 4. Linux husoma pia NTFS, muundo wa kawaida wa diski za Windows, lakini Windows ikizimwa huku kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup) kikiwa kimewashwa, diski hiyo inaweza kukataa kuandikwa; kizime kwanza. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski, inahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike mahali salama. Kumbuka vilevile kwamba kwa Linux, Ripoti.docx na ripoti.docx ni faili mbili tofauti.

Barua pepe zilizohifadhiwa na Outlook katika faili ya .pst zihamishie Thunderbird ukiwa ndani ya Windows yenye Outlook, kwani ukishaondoka kazi hiyo huwa ngumu zaidi.

Hatimaye, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi bila kuisakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa, na ufungue zile nyaraka ngumu kutoka kwenye diski ya nje. Ukiridhika, sakinisha, lakini usiiguse nakala iliyo kwenye diski ya nje mpaka uwe umefunga hesabu za mwezi mzima ukitumia mfumo mpya.