Rust inapokataa stringi yako: kutatua kosa E0308

Ukianza kuandika Rust, lugha ya programu, hukawii kukutana na kosa E0308: aina za data hazilingani. Mara nyingi chanzo ni stringi, yaani data ya maandishi. Wengi hubandika `.to_string()` au `.clone()` (zote hutengeneza nakala) kila mahali mpaka kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inyamaze. Programu itakwenda, ila kila nakala inaomba kumbukumbu mpya bila sababu, na kesho kosa lile lile litakurudia.

Hatua ya 1: Soma maneno mawili. Kompaila huandika `expected` (ilichotaka) na `found` (ilichopewa). `String` inamiliki maandishi yake. `&str` imeazima tu, inasoma. Kwenye mashine ya biti 64, `String` yenyewe ni baiti 24: anwani, urefu na ujazo (nafasi iliyotengwa). `&str` ni baiti 16, kwa sababu haina ujazo. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Hatua ya 2: Tazama upande wa kosa. Ilitaka `&str` ikapewa `String`? Weka `&` tu: `salimu(&jina)`. Kompaila itageuza `&String` kuwa `&str` yenyewe.

Ilitaka `String` ikapewa `&str`? Jiulize anayepokea anayahifadhi maandishi au anayasoma tu. Akihifadhi, mathalani ndani ya struct, `.to_string()` ni halali kabisa. Akisoma tu, na fanksheni ni yako, badilisha parameta iwe `&str`. Hapo ndipo dawa ilipo, si kwa anayeiita.

Hatua ya 3: Mtego wa `contains`. Huu ndio unaowasumbua hata wazoefu:

```rust
let mikoa = vec!["Tanga".to_string(), "Mbeya".to_string()];
mikoa.contains("Tanga")
// expected `&String`, found `&str`
```

`contains` ya vekta (orodha ya `vec!`) inadai rejeleo, yaani kitu kilichoazimwa kwa alama ya `&`, la aina ile ile iliyomo ndani, yaani `&String`. Na ule ugeuzaji wa kompaila ni wa njia moja: `&str` haiwezi kuwa `&String`, maana ule ujazo haina pa kuutoa. Usitengeneze `String` mpya kwa ajili ya kulinganisha tu. Andika:

```rust
mikoa.iter().any(|m| m == "Tanga")
```

Ukiwa na `Vec<&str>` na unachotafuta ni `String`, utaambiwa inatakiwa `&&str`. Tumia `orodha.contains(&jina.as_str())`. `HashMap<String, u32>` (jedwali la ufunguo na thamani) haina tabu hii: `get("Tanga")` inakubali, kwa kuwa imeandikwa kupitia sifa (trait) ya `Borrow`, inayoruhusu kutafuta kwa maandishi yaliyoazimwa. Ukiwa unatafuta mara nyingi, `HashSet` (seti isiyo na marudio) itakufaa zaidi ya vekta. Nayo inapokea `"Tanga"` moja kwa moja.

Hatua ya 4: `match` na `Option` (thamani inayoweza kukosekana). Kwa `String`, andika `match jina.as_str()` ili ilingane na maandishi kama `"Tanga"`. Kwa `Option<String>`, `.as_deref()` inakupa `Option<&str>`; ipo tangu toleo la 1.40.

Kila ukirekebisha sehemu moja, endesha `cargo check`, amri ya kukagua msimbo, kabla ya kugusa nyingine. Parameta moja ikisahihishwa, makosa kadhaa chini yake huondoka pamoja nayo.