Kujifunza uhasibu wa fedha mtandaoni, hatua kwa hatua, kwa duka moja la mchele

Ujumbe ninaoupata sana kutoka kwa wanaojisomea uhasibu ni huu: "Kaka, video zote nimemaliza, lakini nikipewa swali nakwama." Najua wanachosema, maana yamenikuta. Mtihani wangu wa kwanza wa taarifa za fedha nilianguka. Masomo nilikuwa nayasikiliza kwenye daladala, kwa kasi ya moja na nusu, kichwa natikisa kila mwalimu anapofika kwenye jibu. Ndani ya chumba cha mtihani mizania yangu (mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, jumla zilingane) ikagoma kwa milioni 12, na sikujua nianze wapi kuitafuta hiyo tofauti.

Tangu hapo nimeshawaelekeza vijana kadhaa, na njia ninayowapa ndiyo hii. Ukiwa na kazi yako ya mchana, tenga saa moja na nusu kwa siku.

Hatua ya 1: Mwalimu mmoja, kaunta buku moja

Masomo ya bure yapo mengi. Tovuti ya OpenTuition ina mihadhara ya masomo ya ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, bila malipo, na kwa anayeanza somo lao la uhasibu wa fedha linatosha kabisa. Kama unalenga CPA ya Tanzania, cheti cha taaluma ya uhasibu, pakua silabasi ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu) uiweke pembeni, uwe unaweka alama kila mada unayoimaliza. Ila usiwe na walimu watatu kwa wakati mmoja. Huyu anaanza na mlinganyo (mali = madeni + mtaji), yule na leja (daftari la akaunti), wa tatu ana ufupisho wake wa kukariri, na bando linaisha hujajua lolote.

Kabla ya kubofya video yoyote, angalia imerekodiwa lini. Hapa wengi wanaliwa. Uhasibu wa ukodishaji wa mali ulibadilika Januari 2019, kiwango cha kimataifa cha IFRS 16 kilipochukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 17, lakini video za zamani bado ziko mtandaoni na mwalimu anafundisha kwa uhakika uleule. Jipu jingine linaiva: IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024, inachukua nafasi ya IAS 1 kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 1, 2027, na mpangilio wa taarifa ya faida na hasara unabadilika. Kama una mtihani, soma kile silabasi ya kikao chako inachotaka.

Kaunta buku ni ya kuandika kwa mkono. Exceli itakuja baadaye.

Hatua ya 2: Fungua duka

Usianze na maswali ya kitabuni yenye kampuni za kule Uingereza. Anza na biashara unayoweza kuifumba macho ukaiona. Mimi natumia duka la mchele la mama mmoja, mwezi wa Machi:

- Tarehe 1 anaweka mtaji wa shilingi 3,000,000 taslimu.
- Tarehe 2 ananunua kilo 1,000 za mchele kwa 2,200 kila kilo. Analipa 1,500,000 papo hapo, 700,000 anadaiwa.
- Siku hiyohiyo analipa kodi ya fremu ya miezi mitatu, Machi hadi Mei: 600,000.
- Ananunua mizani kwa 240,000. Anategemea kuitumia miaka minne.
- Mwezi mzima anauza kilo 700 kwa 2,800. Kilo 600 ni taslimu, kilo 100 amemkopesha mwenye mgahawa.
- Anamlipa muuzaji wake 400,000 kati ya lile deni.
- Kijana wa dukani mshahara wake ni 150,000, ataupokea tarehe 5 Aprili.

Chora akaunti za herufi T, kila moja na ukurasa wake. Kila tukio linaingia mara mbili, kushoto debiti, kulia krediti. Mtaji: debiti fedha taslimu 3,000,000, krediti mtaji 3,000,000. Endelea mwenyewe mpaka mwisho bila kuangalia popote.

Debiti na krediti zinawasumbua watu kwa sababu ya benki. Benki ikikuambia akaunti yako imepata krediti, unafurahi, pesa imeingia. Basi unadhani krediti ni kuingia. Lakini ile taarifa ni daftari la benki, na kwenye daftari lao wewe ni mtu wanayemdai, hapana, mtu anayewadai: pesa yako ni deni lao, deni likiongezeka wanaandika krediti. Kwenye daftari lako pesa hiyohiyo ni mali, na mali ikiongezeka ni debiti. Ona hata mimi ulimi unateleza. Liandike ukurasa wa kwanza: mali na gharama zikiongezeka ni debiti, madeni, mtaji na mapato yakiongezeka ni krediti.

Ukifika mwisho, fedha taslimu iliyobaki iwe 1,940,000. Kama umepata tofauti, tafuta mwenyewe kabla ya kusonga mbele.

Hatua ya 3: Tafuta tofauti kama fundi

Somo hili video nyingi hazina, na kazini ndilo linalokula siku yako. Urari (jumla ya debiti zote dhidi ya krediti zote) ukigoma, usianze kujumlisha upya kila kitu kutoka juu. Chukua tofauti yenyewe uihoji.

Igawe kwa mbili. Kama jibu ni kiasi unachokiona mahali fulani kwenye leja, huenda hicho kimeingia upande usio wake. Igawe kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizopinduka: 54,000 imeandikwa 45,000, tofauti 9,000. Isipogawanyika popote, tafuta kiasi hichohicho kwenye vocha, pengine kimeandikwa upande mmoja tu. Nilishawahi kukaa ofisini mpaka saa tatu usiku nikitafuta 63,000, kumbe ni 81,000 niliyoiandika 18,000. Ingenichukua dakika tano.

Na urari ukikubali, usishangilie sana. Muamala uliosahaulika kabisa, pande zote mbili, haugomi popote.

Hatua ya 4: Marekebisho ya mwisho wa mwezi

Hapa ndipo utunzaji wa vitabu unapogeuka uhasibu. Swali la kila mstari ni moja: hili ni la Machi, au si la Machi?

Kodi ya 600,000 imelipwa Machi lakini si yote ya Machi. Gharama ya mwezi ni 200,000. Ile 400,000 bado ni mali yake, ana haki ya kukaa kwenye fremu miezi miwili zaidi. Mshahara ni kinyume chake: haujalipwa, lakini kijana amefanya kazi Machi, kwa hiyo 150,000 ni gharama ya Machi na ni deni. Mizani imegharimu 240,000 kwa miezi 48, uchakavu ni 5,000 kwa mwezi. Mchele uliouzwa ni kilo 700 kwa 2,200, yaani 1,540,000. Kilo 300 zilizobaki si gharama, ni stoku.

Sasa faida. Mauzo 1,960,000 toa 1,540,000, faida ghafi 420,000. Toa kodi 200,000, mshahara 150,000 na uchakavu 5,000. Faida halisi 65,000.

Mizania: fedha 1,940,000, mdaiwa wa mgahawa 280,000, stoku 660,000, kodi iliyolipwa mbele 400,000, mizani 235,000. Jumla 3,515,000. Upande wa pili: muuzaji anadai 300,000, kijana anadai 150,000, mtaji pamoja na faida 3,065,000. Jumla 3,515,000.

Ikikubali, ongeza mkasa. Tarehe 31 mvua imeingia dukani, kilo 20 zimelowa, na mfuga kuku yuko tayari kuzichukua kwa 500 kila kilo. IAS 2 inasema stoku ibebwe kwa gharama yake au kwa kile itakachokuingizia ukiiuza baada ya kutoa gharama za kuuzia, kilicho kidogo. Kila kilo imepoteza 1,700, mara 20 ni 34,000. Faida inashuka kutoka 65,000 hadi 31,000 kwa mvua ya usiku mmoja. Baada ya hapo hutahitaji kukariri IAS 2.

Hatua ya 5: "Sasa pesa yangu iko wapi?"

Mwambie mwenye duka amepata faida ya 65,000 (tuiache mvua kwanza), atakuuliza: nimeanza na milioni 3, mbona sandukuni nina 1,940,000? Taarifa ya mtiririko wa fedha ni jibu la swali hilo na si kingine. Wanafunzi wanaiogopa kwa sababu wanaletewa fomati kabla ya swali.

Anza na faida 65,000. Rudisha uchakavu 5,000, kwa sababu hakuna aliyelipwa huo uchakavu. Toa 280,000 zilizoko mgahawani, toa 660,000 zilizolala kwenye magunia, toa 400,000 zilizoko kwa mwenye nyumba. Ongeza 300,000 za muuzaji na 150,000 za kijana, maana hizo bado anazo mkononi. Jumla ni hasi 820,000: biashara yenyewe imemeza pesa. Toa mizani 240,000 kwenye uwekezaji, ongeza mtaji 3,000,000 kwenye ugharamiaji, unafika 1,940,000. Fanya kwa mkono mara tatu, siku tatu tofauti.

Hatua ya 6: Viwango, kimoja kimoja

Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya IFRS mwaka 2004. Ukijisajili bure kwenye tovuti ya IFRS Foundation unavisoma vyenyewe, huna haja ya kudesa muhtasari wa mtu. Mpangilio wangu: IAS 2 (stoku), IAS 16 (majengo, mitambo na vifaa), IAS 7 (mtiririko wa fedha), kisha IFRS 15 (mapato) na IFRS 16 (ukodishaji). Vyombo vya fedha (kama mikopo na hisa), IFRS 9, viache mwisho. Kwa kila kiwango andika aya moja ya Kiswahili chako, kama unamweleza yule mama wa mchele, halafu tunga muamala wake dukani. Akichukua fremu kwa mkataba wa miaka mitano, IFRS 16 imeshaingia mlangoni.

Hatua ya 7: Soma ripoti ya kweli

Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam au Nairobi huweka ripoti zao za mwaka mtandaoni. Usianze na benki. Kule amana za wateja ni madeni na mikopo ni mali, utachanganyikiwa bure. Anza na kiwanda, kwa mfano Twiga wa saruji, halafu Safaricom, ambao mwaka wao wa hesabu unaishia Machi 31.

Ruka picha na barua ya mwenyekiti. Nenda kwenye mtiririko wa fedha, uulinganishe na faida. Kisha chagua mstari mmoja tu wa mizania, tuseme mitambo, uufuate hadi kwenye maelezo yake nyuma: walianza na kiasi gani, wamenunua nini, uchakavu ni miaka mingapi. Jioni moja, mstari mmoja.

Hatua ya 8: Mtihani

NBAA wana vikao Mei na Novemba; ACCA kwa somo la taarifa za fedha ni Machi, Juni, Septemba na Desemba, muda wa saa tatu, ufaulu alama 50. Wiki sita za mwisho acha video kabisa, fanya mitihani iliyopita ukiwa na saa mezani. Muda wa swali ukiisha, hama hata kama mizania haijakubali; alama hutolewa kwa kila hatua, na kuisaka tofauti ya mwisho kumewagharimu watu swali zima.

Kama mtihani wako ni wa kompyuta, sasa ndipo uiweke kaunta buku pembeni uhamie kwenye jedwali la Exceli. Andika =700*2200 ndani ya seli, usiandike 1540000 pekee. Msahihishaji akibofya aone umeitoa wapi, na hata kama kilo umezikosea, alama ya njia unaipata.