Saa sita za kusubiri ndege Zanzibar

Chini ya saa tano, usitoke kiwanjani. Ukiwa na sita, toa mbili za kuwahi dirisha la mizigo na moja ya njiani. Zinabaki tatu za mjini.

Uwanja wa Abeid Amani Karume uko kama kilomita saba kutoka Mji Mkongwe. Daladala 505 ni rahisi kwa bei, ila husimama kila kituo. Teksi hazina mita: patana kabla ya kupanda, na mpange na dereva huyohuyo akurudishe. Mgeni wa nje awe na viza, kama nchi yake haijasamehewa, na bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024. Foleni ya asiyenazo ndiyo humaliza saa zake.

Begi kubwa liache lipelekwe moja kwa moja, kama tiketi yako ni moja.

Shuka Darajani, pita sokoni, kisha Mkunazini penye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Forodhani mchana usitarajie mishikaki, meza hupangwa jioni, kula urojo. Mchana wa Ramadhani hata huo hupati, na Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa.