Uhasibu wa mwaka wa kwanza: jifunze kwa vitabu vya mpulizaji wa mikorosho

Kila mwaka vyuo vya hapa Mtwara vikifungua, wanafunzi wawili watatu hunijia jioni na madaftari yao, nikishamaliza kazi yangu ya kuandika vitabu vya maduka. Shida yao huwa ni ileile. Wamekariri kwamba debiti ni kushoto na krediti ni kulia, wamekariri na kanuni zote, lakini wakipewa tukio jipya kalamu inasimama. Masomo ni ya Kiingereza, kwa hiyo wanapambana na lugha na hesabu kwa wakati mmoja. Mimi huwaambia wafunge kitabu kwanza, wanisimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Ukiweza kulisimulia tukio vizuri, kuliandika hakuna taabu.

Tutafanya hivyohivyo hapa. Chukua kijana wa Tandahimba anayepulizia mikorosho salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Nimemchagua yeye kwa sababu anafanya kazi Juni, na wateja wake wengi wanamlipa korosho zikishauzwa mnadani, kuanzia Oktoba. Ukielewa vitabu vyake, umeelewa sehemu ngumu kuliko zote katika muhula wa kwanza. Haya ndiyo matukio ya mwezi wake wa kwanza:

Juni 1: ameanza biashara kwa shilingi 2,000,000 taslimu, fedha yake mwenyewe.
Juni 3: amenunua mashine ya kupulizia kwa 900,000 taslimu.
Juni 5: amechukua petroli na oili za 120,000 dukani kwa mkopo. Mwezi ukiisha zimetumika zote.
Juni 20: amepulizia mashamba kwa jumla ya 600,000. Amelipwa 200,000, wakulima wanadaiwa 400,000.
Juni 25: amechukua 50,000 kununua sare ya mtoto.
Juni 28: amelipa dukani 70,000.

Salfa ni ya wakulima wenyewe, yeye anauza kazi tu.

Hatua ya 1: Mtenge mtu na biashara yake

Katika uhasibu, biashara ni kama mtu mwingine kabisa. Ile 2,000,000 ya Juni 1 ni mali ya biashara, na biashara inawajibika kwa mwenye biashara kwa kiasi hichohicho. Wajibu huo ndio unaoitwa mtaji. Sare ya mtoto, basi, si gharama ya kupulizia. Ni mwenye biashara amechukua sehemu ya chake, na ina akaunti yake: matumizi binafsi ya mwenye biashara. Hapa usiharakishe. Maduka mengi ninayoandikia vitabu hapa mjini, tatizo lao kubwa ni droo moja ya fedha inayolipa mzigo wa duka na mboga ya nyumbani.

Hatua ya 2: Jiulize maswali mawili kwa kila tukio

Swali la kwanza: biashara imepata nini, au imetumia nini? Jibu lake ni debiti. La pili: kimetoka wapi? Jibu lake ni krediti. Kila tukio lina majibu yote mawili na kiasi kilekile pande zote. Njia hii ni ya zamani mno. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiitumia kabla ya mtawa Luca Pacioli kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1494.

Juni 3, biashara imepata mashine. Imetoka wapi? Kwenye taslimu. Debiti mashine 900,000, krediti taslimu 900,000.

Juni 5, imetumia petroli. Imetoka kwa mwenye duka, ambaye sasa anatudai. Debiti petroli na oili 120,000, krediti mdai 120,000. Hakuna noti iliyobadilishana mikono, lakini tukio limetokea na linaandikwa siku hiyohiyo.

Juni 20 ndiyo inayowaangusha wengi. Biashara imepata vitu viwili: taslimu 200,000, na haki ya kudai wakulima 400,000. Vyote vimetoka kwenye kazi iliyofanyika. Debiti taslimu 200,000, debiti wadaiwa 400,000, krediti mapato 600,000. Mwanafunzi atauliza, mbona tunaandika mapato ya 600,000 na fedha hatujaiona? Kwa sababu kazi imekwisha. Mashamba yamepuliziwa Juni, kwa hiyo mapato ni ya Juni, hata kama mkulima atalipa Novemba.

Malizia mwenyewe matukio yaliyobaki kabla ya kuendelea. Kanuni utakayoiona inajitokeza ni hii: mali, gharama na matumizi binafsi huongezeka kwa debiti, madeni, mtaji na mapato huongezeka kwa krediti.

Kuna jambo linawachanganya karibu wote. Benki ikituma ujumbe kwamba akaunti yako imekreditiwa, fedha imeingia, wakati darasani fedha ikiingia ni debiti. Hakuna aliyekosea. Benki inakuandikia kutoka kwenye vitabu vyake, na humo fedha yako ni deni lake kwako. Deni lake limeongezeka, kwa hiyo ni krediti.

Hatua ya 3: Peleka kwenye leja

Leja ni kitabu cha akaunti zote. Kila akaunti ipe ukurasa wake humo, chora mstari katikati, debiti kushoto, krediti kulia. Akaunti ya taslimu itakuwa hivi:

Kushoto: mtaji 2,000,000, mapato 200,000. Jumla 2,200,000.
Kulia: mashine 900,000, matumizi binafsi 50,000, mdai 70,000. Jumla 1,020,000.
Salio: 1,180,000, upande wa debiti.

Andika tarehe na jina la akaunti ya upande wa pili kila mara. Baada ya wiki mbili utakuwa umesahau ile 70,000 ilikuwa ya nini.

Hatua ya 4: Tengeneza urari

Panga masalio yote kwenye karatasi moja. Debiti: taslimu 1,180,000, mashine 900,000, wadaiwa 400,000, petroli na oili 120,000, matumizi binafsi 50,000. Krediti: mtaji 2,000,000, mapato 600,000, mdai 50,000. Pande zote ni 2,650,000.

Zisipolingana, usifute na kuanza upya. Chukua tofauti, igawe kwa 2. Ukipata kiasi unachokitambua, huenda umekiweka upande usio wake. Ukiweka 50,000 ya sare kwenye krediti, tofauti itakuwa 100,000. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, angalia kama umegeuza tarakimu. Anayeandika 1,810,000 badala ya 1,180,000 anapata tofauti ya 630,000, na hiyo ni 9 mara 70,000.

Lakini urari kulingana si uthibitisho kwamba vitabu ni sahihi. Katika jaribio langu la kwanza chuoni, urari wangu ulilingana hadi shilingi ya mwisho, nikatoka nikiwa na amani. Nilifeli. Nilikuwa nimeandika gari kama gharama ya mwezi, na kwa kuwa gharama na mali zote hukaa debiti, urari haukuweza kunishtua. Faida yote ilikuwa si sahihi. Niliumia sana siku ile, na ndiyo maana nakuomba urudi kwenye kila debiti ujiulize: hiki kimekwisha, au biashara bado inacho?

Hatua ya 5: Rekebisha, kisha toa taarifa

Mashine bado ipo, ila imechakaa kidogo. Tukikadiria itafanya kazi miaka 3 na mwisho wake haitauzika, uchakavu ni 900,000 gawanya kwa miezi 36, yaani 25,000 kwa mwezi. Faida ya Juni ni 600,000 toa 120,000 toa 25,000: shilingi 455,000.

Sasa tazama taslimu. Imeshuka kutoka 2,000,000 hadi 1,180,000. Kijana ana faida ya 455,000 na fedha mkononi imepungua kwa 820,000. Ukiweza kumweleza mama yako tofauti hiyo imetoka wapi, tukio kwa tukio, umeshaelewa somo.

Mizania, yaani orodha ya mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, inafunga kazi. Mali: taslimu 1,180,000, wadaiwa 400,000, mashine 875,000, jumla 2,455,000. Upande wa pili: mdai 50,000, na mtaji 2,000,000 ongeza faida 455,000 toa matumizi binafsi 50,000, jumla 2,455,000.

Endelea na Novemba kwa mkono wako. Mkulima aliyepuliziwa Juni amelipa 150,000. Debiti taslimu, krediti wadaiwa. Mapato usiyaguse, uliyaandika tangu Juni 20.