Namna ya kuzungumza kwa mwili ndani ya roda ya capoeira

Wengi wanaoanza capoeira, mchezo wa mapigano wa Brazil unaochezwa ndani ya roda, yaani duara la watu, huja na hamu ya mateke. Mimi huwaanzisha kwa kusikiliza, maana capoeira, hasa ya mtindo uitwao Angola aliyoifundisha Mestre (mwalimu) Pastinha mjini Salvador, Brazil, ni mazungumzo ya watu wawili. Teke ni swali, na mwenzako anahitaji nafasi ya kulijibu.

Hatua ya 1: Sikiliza berimbau, ule upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Roda ya Angola huwa na berimbau tatu, na gunga yenye sauti nzito ndiyo kiongozi. Ikienda taratibu, chezeni taratibu, chini kwa chini. Sheria ya Brazil ilipopiga marufuku capoeira mwaka 1890, wazee husimulia, mdundo wa cavalaria ndio uliowatahadharisha wachezaji kwamba askari wa farasi wanakuja.

Hatua ya 2: Chuchumaeni mbele ya gunga, mtazamane, mpeane mikono, ndipo muingie.

Hatua ya 3: Ginga, yaani mwendo wa kuyumba usiokoma. Tanua miguu kiasi cha mabega, magoti yalegee. Peleka mguu wa kulia nyuma, mkono wa kulia uje mbele ya uso. Rudi katikati, kisha fanya vivyo hivyo kushoto. Usigande, ginga ndiyo inayoficha unachotaka kusema.

Hatua ya 4: Uliza kwa meia lua de frente. Mguu ulionyooka uchore nusu duara mbele yako, kutoka nje kuja ndani, polepole. Ukiona mwenzako hakuwa tayari, lisimamishe teke hewani. Kumwonyesha kwamba ungeweza kumpiga kunatosha, na kwangu huo ndio ustadi wenyewe.

Hatua ya 5: Jibu. Hatua hii ipeni muda mrefu. Usilizuie teke kwa mkono. Chuchumaa ukifuata kule mguu unakoelekea, kiganja kimoja sakafuni, mkono wa pili ukikinga uso, macho yasimtoke. Wengi huinuka upesi na kuanza ginga upya. Mazungumzo yamekatika hapo. Baki chini, zunguka kwa rolê, mzunguko wa chini kwa chini, viganja na nyayo tu vikigusa sakafu, utokee ubavuni mwake, kisha uulize lako hapohapo. Fanyeni wawiliwawili bila muziki, mpaka kila jibu lizae swali.

Hatua ya 6: Gunga ikipiga sauti moja mfululizo, inawaita. Acheni mchezo, rudini mbele yake, mpeane mikono.